Sufuria ya Nyumba ya Mwisho

Juma lililopita jirani yangu wa ghorofa ya juu, mama kijana ambaye hajamaliza miezi mitatu hapa Lubumbashi, aligonga mlango akaniomba chekeche la unga. Lake lilikuwa limetoboka, wageni wako njiani. Nikampa. Alishukuru mara tatu kama mtu aliyepewa shamba, akasema atalirudisha baada ya nusu saa. Nikafunga mlango, nikarudi kwenye kazi yangu, lakini kukaa kukanishinda. Nikaenda dirishani. Nikarudi nikakaa. Nikaenda tena mlangoni kusikiliza ngazi. Sikuwa naogopa kulipoteza. Machekeche yamejaa sokoni. Kilichonihangaisha ni kwamba alisema atalirudisha. Alipolileta, limeoshwa na kufutwa hadi linang'aa, nilitaka kumwambia: mama, kwa nini usiliache kwako, nikilihitaji nitalifuata? Nikalipokea tu. Huwezi kumwambia hivyo mtu asiyejua ulikokulia.

Basi nikueleze wewe, ndugu, maana tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusimama na kukaa, na nadhani nikishasema nitapumua.

Nilikulia Panda, kule Likasi, katika kambi ya wafanyakazi. Nyumba za matofali, zote sura moja, zote rangi moja ya vumbi jekundu kuanzia magotini kwenda chini. Nyumba yetu ilikuwa na majirani wawili wa karibu mno, tukigeukiana kama watu wanaoota moto, na bomba moja la maji katikati. Baba alifanya kazi usine, yaani kiwandani, akitoka na kurudi kwa mlio wa king'ora. Ndani tulikuwa mama, nkambo, yaani bibi yangu mzaa mama, na sisi watoto wanne, mimi nikiwa wa kwanza.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Mama Mshonaji. Wazazi wa mume wake waliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuchimba shaba zamani sana, na mume mwenyewe alizaliwa hapo hapo Panda, akawa karani. Binti yao mkubwa alikuwa rika langu na rafiki yangu. Tulikalia benchi moja shuleni. Nyumba ya mwisho, ile iliyokuwa karibu na mfereji, ilikuwa ya mama mmoja mrefu, mkimya, ambaye wanawe walikwisha kuoa na kuolewa. Tulimwita Mama wa Mwisho. Mume wake alikuwa dereva wa lori, na siku za mapumziko ndiye aliyegongomea mishikio ya sufuria za watu wote, akinywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, asitake shukrani.

Sisi tulikuwa na kinu na michi miwili. Mama Mshonaji alikuwa na cherehani na pasi ya makaa. Mama wa Mwisho alikuwa na sufuria kubwa, ile ya aluminiamu inayoweza kumkalisha mtoto ndani ukamwogesha. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Nadhani ilianza kantini ya kampuni ilipoanza kuwa na rafu tupu, kila mmoja akajikuta hawezi kununua kile ambacho mwenzake anacho. Lakini mimi nilipopata akili, nilikuta vitu vinatembea. Na kanuni ilikuwa moja, nkambo aliisema kila mara mtoto alipotumwa kurudisha kitu: "Acha. Kitu inalala kwenye ilitumika." Hakuna aliyerudisha. Ukihitaji kitu, unakifuata kilipo. Chekeche lilizunguka nyumba tatu kwa miaka mingi hivi kwamba hata leo siwezi kukuambia lilinunuliwa na nani.

Kwa hiyo sisi watoto tulikuwa miguu ya uwanja ule. "Kimbia uone muinchi iko wapi." "Angalia fer," yaani pasi, "kwa mama." Tuliingia nyumba za watu bila hodi, tukichungulia chini ya meza, nyuma ya mlango, na aliyekuwa ndani hakuuliza unatafuta nini, alinyoosha tu kidole. Mimi sikuweza kutulia, na kazi hiyo ilinifaa. Mama alisema nilizaliwa na mchanga kwenye nyayo.

Hata moto haukulala. Makaa yalikuwa haba, basi mbabula moja, lile jiko letu la bati lenye matundu, liliwashwa asubuhi na nyumba yenye maharage ya kuchemsha. Maharage yakiiva, tunalibeba jiko kwa vijiti viwili hadi nyumba ya pili, sombe, yale majani ya muhogo, inapikwa. Kutoka hapo bukari, ule ugali wetu. Makaa yanayobaki yanaingia kwenye pasi, nguo za shule zinapigwa, na ya mwisho kabisa yanapasha maji ya kuoga baba. Majivu yalisugua sufuria. Ninavyokusimulia nasikia harufu ya sombe na mafuta ya mawese ikivuka uwanja, na sauti ya cherehani ikienda kwa pupa, ikisimama, ikienda tena, kwa maana Mama Mshonaji alishona huku akizungumza na watu waliokuwa bombani.

Viatu vyeupe navyo. Tulipopata komunyo ya kwanza, mimi na rafiki yangu tulikuwa na jozi moja kati yetu. Padri aliwagawa watoto katika misa mbili. Yeye akaenda misa ya kwanza. Mimi nikamngoja nyuma ya ukuta wa kanisa, pekupeku, gauni jeupe nimelishika lisiguse vumbi. Alipotoka alivua haraka, viatu bado vina joto la miguu yake, nikavaa, nikaingia. Vilikuwa vikinibana. Yeye vilimpwaya. Tulikuwa tumekubaliana kuwa hivyo ndivyo viatu vilivyo.

Sasa nifike kwenye lile linalonisumbua.

Mwaka mmoja maneno yalibadilika. Sikujua yalianzia wapi. Kwanza kwenye redio, halafu sokoni, halafu kwenye mikutano ambayo vijana walirudi wakiimba. Walisema watu wa Kasai wamejaa, wamekula kazi za wenyeji, warudi kwao. Nilimwuliza nkambo, kwao ni wapi? Mume wa Mama Mshonaji alizaliwa nyuma ya dispensari, nyumba alimozaliwa tulikuwa tunaipita tukienda shule. Nkambo alisema, "Nyamaza, pepeta unga." Alikuwa hajawahi kuninyamazisha kwa swali.

Shuleni, benchi letu lilibaki na sisi wawili tu. Wa tatu alihamia mbele. Mwalimu aliona, akaendelea kuandika ubaoni.

Mume wa Mama wa Mwisho alianza kwenda kwenye ile mikutano. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Baba alisema baadaye kwamba kuna mtu alimsimamisha mbele ya wenzake akamwuliza kwa nini anakula chungu kimoja na wale. Alirudi siku hiyo saa tisa, jua kali, akasimama katikati ya uwanja karibu na bomba na kusema kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, kila kitu kirudi kwenye nyumba yake. Kila kitu. Leo.

Mke wake akatoka. Sufuria kubwa ilikuwa kwa Mama Mshonaji, jikoni, maji ya bukari yameanza kuchemka. Akaingia bila hodi kama siku zote, lakini safari hii aliangalia chini. Tulisikia maji yakimwagwa. Akatoka ameibeba sufuria, mvuke bado unatoka, na Mama Mshonaji nyuma yake mlangoni, mwiko mkononi, mdogo wa mwisho kiunoni.

"Ni minye nalikosea nini?" aliuliza polepole.

Mama wa Mwisho alipita na sufuria. Mume wake ndiye aliyejibu: "Hapana ya mutu kukosea. Kila mutu na vitu vyake."

Basi vikaanza kutolewa. Michi, beseni, shoka, kamba ya kuanikia, kibao cha kukatia sombe. Tukavipanga chini. Na hapo ndipo aibu ilipoingia, kwa maana hakuna aliyejua. Beseni la bluu? Mama alisema la Mama Mshonaji, Mama Mshonaji akasema hapana, ulilileta wewe mtoto alipozaliwa. Shoka? Dereva mwenyewe alilitia mpini, lakini chuma chake kilitoka kwetu. Chekeche alilishika mkononi akiligeuza, akiangalia huku na huku kama mtu anayetafuta jina lililoandikwa. Mwishowe nkambo aliinuka kwenye kigoda, akalichukua mkononi mwake, akalipeleka kwa Mama Mshonaji na kumpa. "Kesho nitaifuata," alisema, akarudi kukaa.

Lakini kesho hazikuwa nyingi. Siku chache baadaye, asubuhi, kundi lilipita mtaa kwa mtaa likipiga mabati, na mawe yakaanza kwenye paa la nyumba ya pili. Nakumbuka sauti hiyo kuliko sura za waliorusha. Baba alikuwa usine. Mama alitufungia ndani, nikachungulia kwenye ufa wa dirisha. Karani alitoka na sanduku moja, mke na watoto na mafungu ya nguo. Hakuna aliyewapiga, waliwafuata tu wakiimba. Kabla ya kutoka uwanjani Mama Mshonaji aligeuka akaja hadi dirishani kwetu, na kwenye ufa ule ule nilioweka jicho, akasema, "Mama mutoto, mashini inabakia. Tumikia. Ikikaa bure inakufa." Rafiki yangu alikuwa amebeba chekeche. Nilitaka kumwita, mama aliniziba mdomo kwa kiganja.

Walikwenda gare, kituo cha treni, kama wengine wote. Treni haikuja. Watu walikaa pale, wiki baada ya wiki, kwenye vibanda vya maturubai na shuka, kando ya reli, ndani ya mabehewa mabovu, kwenye madarasa ya karibu. Mama alikwenda kuwaona kwa kujificha, unga umefungwa tumboni chini ya kitenge. Aliporudi alikaa kizingitini, hakuvua viatu.

"Wako wanapikia mu kopo ya maziwa," alimwambia nkambo. "Bukari ya mutu mumoja mumoja. Wa mwisho anapokula, wa kwanza ana njaa tena. Na mutoto iko na surua."

Yule mtoto wa mwisho. Nilikuwa nimembeba mgongoni karibu kila siku tangu azaliwe. Alikuwa na tabia ya kunishika sikio ili asinzie.

Mama wa Mwisho alikuwa bombani, ametugeuzia mgongo, anaosha. Ninaamini alisikia kila neno. Siku ya pili yake, mume wake alipokwisha kuondoka na lori, alitoka na sufuria kubwa akaiweka chini ya bomba. Akaisugua kwa majivu, ndani na nje, ingawa ilikuwa safi. Halafu akaiacha pale, mdomo juu, akaja mlangoni kwetu.

"Mukono wa kushoto wa sufuria unachezacheza," alimwambia mama. "Anayebeba aangalie."

Mama akasema, "Na bwana yako?"

"Minye niko mu nyumba. Sioni bomba."

Akaingia kwake akafunga mlango.

Mama na nkambo walizungumza kwa kunong'ona, kisha wakaniita. Njiani kulikuwa na kizuizi, vijana na magogo, karibu na daraja. Mama mwenye sufuria kubwa angeulizwa maswali. Mtoto pengine asingeulizwa. Mama angepita njia nyingine na unga na maharage. Nkambo alinitia ngata kichwani, akaipachika sufuria juu yake, akanirekebisha shingo kwa vidole viwili. "Usikimbie," alisema. Ndicho alichosema tu, kwa mtoto ambaye maisha yake yote alikuwa akikimbia.

Sikukimbia. Ndugu, hakuna kitu kigumu nilichowahi kufanya kama kutembea polepole siku ile. Sufuria ilikuwa inavuma upepo ulipoingia. Jua lilikuwa limepanda. Nilipita kanisani, nikapita duka lililovunjwa milango, nikaona magogo.

Walikuwa wanne au watano. Mmoja nilimfahamu, kaka yake alikuwa darasa letu.

"Attends," alisema, akinisimamisha. "Sufuria ya nani ile?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo. Nikasema, "Ya kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Panda."

"Na unaipeleka wapi?"

Hapo mdomo wangu ulisema wenyewe. Sufuria kama ile, kila mtu wa Likasi alijua inatoka nyumbani kwa jambo gani. "Ku kilio," nikasema.

"Nani amekufa?"

"Mutoto."

"Mutoto wa nani?"

"Wa jirani yetu."

Aliniangalia. Niliona anataka kuuliza jirani gani. Mwenzake aliyekalia gogo akasema, "Acha apite, ni mambo ya kilio," akasogeza mguu. Yule niliyemfahamu akagonga sufuria kwa kifundo cha kidole mara moja, ikalia, kisha akasema, "Pita."

Nikapita. Nilikuwa na furaha, naungama. Nilijiona mjanja. Niliwaza jinsi nitakavyomsimulia rafiki yangu, na jinsi atakavyocheka.

Pale gare palikuwa na harufu ya moshi, mikojo na samaki mkavu. Nilipita katikati ya watu waliokaa juu ya mafungu yao, wengine wamelala mchana. Kutafuta sikupata shida, kwa sababu nilisikia sauti ya Mama Mshonaji. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akisema neno moja, jina la mtoto, kwa sauti ile ile aliyoitumia kumwita aje kula. Mtoto amelazwa juu ya kitenge, amefunikwa kwa shati la baba yake. Rafiki yangu alikuwa amekaa pembeni, chekeche magotini. Aliniona, akaona sufuria kichwani mwangu, na akaniuliza bila machozi, "Nani amewaambia?"

Nilisimama na sufuria kichwani hadi mama alipofika akanitua.

Alidhani tumeleta sufuria kwa ajili ya msiba. Na mimi nilijua ni mdomo wangu uliotaja kifo kile njiani, karibu na daraja, dakika chache tu zilizopita. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nani angenitoa wazo kwamba mimi ndiye niliyekiita?

Wanawake walianza kukusanyika. Mama akawasha moto. Unga ulikuwa mchache, na kila banda likaleta kidogo kilichokuwapo: mmoja vitoyo viwili vya samaki wa chumvi, mmoja kitunguu, mmoja chumvi ndani ya karatasi. Unga ulichekechwa kwa lile chekeche. Na maji yalipokaribia kuchemka, nilimwona Mama wa Mwisho anakuja kando ya reli, mrefu, kitenge amekigeuza ndani nje kama wafanyavyo wafiwa. Hakuna aliyemwita. Sijui alijuaje; pengine habari ilikwisha fika Panda, pengine alifuata sufuria yake. Vijana wale wa darajani walimwachaje apite, sijui pia. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Mshonaji, akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye bega la mwenzake. Wakakaa hivyo. Kisha akainuka, akachukua mwiko mkononi mwa mama, akasonga bukari. Siku zote ni yeye aliyeisonga kwenye sufuria ile. Alijua pa kuishika ili isigeuke.

Mtoto alizikwa mchana ule ule, kwenye makaburi ya karibu, pamoja na watoto wengine wawili.

Tulirudi Panda sisi watatu, mimi katikati, jua likiwa bado juu. Darajani hawakutuuliza kitu, tulikuwa mikono mitupu. Dereva alikuwa amekwisha kurudi, amekaa mlangoni kwake. Alimwangalia mke wake kutoka miguuni, vumbi la gare, hadi kitenge kilichogeuzwa. Tukasimama karibu na bomba, mama amenishika mkono.

"Sufuria iko wapi?" aliuliza.

"Iko na kazi," mke wake akajibu.

Akampita, akaingia ndani. Yule mwanamume alibaki amekaa. Nilitegemea ataondoka kwa hasira, au atapiga mlango. Alikaa tu, mikono katikati ya magoti, mpaka king'ora cha usine kilipolia na baba akarudi. Baba alimsalimia. Yeye akainua mkono.

Treni ilikuja baada ya siku nyingi. Sikuwaona wakipanda. Mama alisema walipewa nafasi juu, na sufuria ikapanda nao, imejaa nguo. Mama Mshonaji alitaka kuirudisha. Mama wa Mwisho, aliyekuwapo, akakataa kuigusa.

Cherehani ilibaki kwetu. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu, kazi usine zikapungua, na mama akajifunza kushona, kisha akanifundisha mimi. Ndiyo iliyotulisha. Ndiyo iliyonisomesha. Hadi leo nashona. Ile kazi niliyoshindwa kurudia siku ya jirani wa juu ilikuwa gauni la mteja. Lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi kushona saa nzima bila kuinuka. Nainuka, naenda mlangoni, narudi. Mume wangu alizoea. Watoto wangu walidhani ndivyo mafundi walivyo.

Kwa hiyo baada ya jirani kurudisha chekeche nilifanya nilichokwepa muda mrefu. Niliulizia kwa watu wa parokia, mmoja akanielekeza kwa mwingine, na siku ya nne nikawa na namba ya simu ya rafiki yangu, Mwene-Ditu, kule Kasai. Ilipokelewa na sauti ya mama mtu mzima. Nikajitaja. Akasema, "Weye wa viatu."

Tulizungumza mambo mengi, wazazi wake walivyofariki, wanawe, wangu. Mwishowe nikamwambia lile la darajani. Nilimweleza kila neno, nilivyoulizwa na nilivyojibu. Nilikuwa nimesimama, nazunguka meza.

"Ulibeba ile maneno miaka yote?" aliuliza.

"Nilibeba."

"Mutoto alikufa jua halijatoka. Weye ulikuwa ungali ku kitanda. Sikiliza, haukuleta kifo. Ulileta sufuria, watu wakakula."

Nikakaa.

Jumamosi iliyofuata nikapanda basi kwenda Likasi. Panda ipo, lakini usiitafute niliyokusimulia. Nyumba ziliuzwa kwa waliokuwa wakiishi humo, na kila mmoja akajenga ukuta. Uwanja wetu sasa ni milango mitatu ya chuma, kila mmoja na kufuli lake. Bomba limeng'olewa, kila nyumba imechimba kisima chake, visima vitatu ndani ya hatua ambazo mtoto angezikimbia akiwa ameshika pumzi. Nyumba ya kwetu imepangwa na watu wasionijua. Nilipouliza majirani zao ni akina nani, baba mwenye nyumba aliinua mabega, akasema hawana matatizo nao. Wamejitosheleza. Sina haki ya kuwasema, hata mimi kwangu kuna kila kitu. Lakini nilisimama pale na sikusikia mtoto yeyote akitumwa.

Mama wa Mwisho bado yu hai. Mume wake alitangulia. Anakaa na mjukuu aliyeniingiza baada ya kuniuliza maswali kwenye tundu la mlango. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki kivulini, ule urefu wote umekunjamana, macho yana ukungu. Nikajitaja, nikataja mama, nikataja nkambo. Alinishika mkono akanivuta chini, karibu na uso wake.

"Balifika?" aliuliza.

Hakusema akina nani. Hakuuliza habari za sufuria.

"Balifika, mama," nikamwambia. "Binti yuko. Ana watoto sita."

Alifunga macho. Nikatoa simu, nikapiga Mwene-Ditu, na iliposhikwa nikaiweka sikioni mwake, nikaishikilia kwa kuwa mkono wake hauna nguvu tena. Midomo yake ilicheza. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayevuka uwanja asubuhi kwenda bombani, "Moyo webe, mamu."

Ni salamu ya Kasai. Sikuwahi kumsikia akisema Tshiluba hata neno moja. Kumbe alijifunza pale bombani, miaka ile, asubuhi baada ya asubuhi, na sisi watoto tulikuwa tukikimbia mno kusikia. Simuni nikasikia sauti ndogo ikijibu, "Eyo, mamu," halafu kilio.

Mjukuu alicheka kidogo. Alinieleza kwa upole kwamba siku hizi bibi huchanganya maneno. Nikamwambia hapana, hajachanganya kitu. Ni kwamba tangu asubuhi ile ya mawe hakukuwa tena na mtu katika nyumba hizi tatu wa kumsalimia hivyo.